Nyinyi wapya wa krosiwadi ya fasihi, hii ni yenu

Leo asubuhi tulikuwa pale kwa kibanda cha chai karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, karatasi ya siku imetoka kupigwa fotokopi bado ina joto, na mmoja wenu (simtaji, ni mtoto mzuri na ana bidii) akasoma 7 mlalo: "Juliasi wa Mwalimu Nyerere, herufi 7." Japuonj (ni "mwalimu" kwa Kijaluo), mzee wetu, akajibu hapo hapo, "Kaizari," ile tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Nyerere. Mtoto akaandika KAISARI. Kwa biro. Mzee aliposikia herufi zikitajwa moja moja akasema polepole, "Kwa zedi." Mtoto akamjibu kwa adabu kabisa, "Hapana Mwalimu, ni esi, hata Biblia inasema mpeni Kaisari yaliyo ya Kaisari, labda umesahau." Halafu wima ilipokataa, badala ya MIZANI mkapata MISANI, wote wanne mkaanza kusema mtungaji siku hizi hasomi prufu.

Mimi nilinyamaza. Koo lilinikauka, juu hayo maneno mawili, "labda umesahau", niliwahi kumwambia huyo huyo mzee, kwa benchi hiyo hiyo. Sasa ni saa tano usiku na sijalala, kwa hivyo wacha niwaandikie yote mara moja.

1. Penseli na raba. Biro achia watu wa benki.

2. Soma ngeli ya kidokezo kabla ya kufikiria jibu. Kikisema "tungo ndefu za kusimulia", hiyo "za" ni wingi, jibu ni TENZI, si UTENZI. Kikisema "kupanga maneno yalingane mwisho", weka KU pale mwanzoni kwa penseli hata kama hujui linaloendelea. Nyinyi hii maneno ya ngeli mnaifundisha darasani, mko kwa tipii, mazoezi ya kufundisha, mnawasahihishia watoto wa kidato cha pili kwa kalamu nyekundu, halafu mkifika kwa karatasi mnaandika umoja mahali pa wingi na mnalalamika miraba imezidi. Jameni, soma kidokezo! Mtungaji amekupa nusu ya jibu kwa hiyo "za" peke yake.

Na kila herufi ina mraba wake. SH ni miraba miwili, CH miwili, NG' ya ng'ombe ni miwili na ule mkato wa juu hauna kiti. Shaaban ana A mbili zinazofuatana baada ya H, jumla herufi 7, angalieni jalada la kitabu chochote chake. Wiki jana mmoja wenu ameandika SHABAN, ukabaki mraba mmoja mtupu mwishoni, akauacha tu hivyo akaenda zake. Mraba mtupu unakuita urudi, hauachwi.

3. Neno la Kiswahili karibu kila mara huisha na vokali. Kwa hivyo wima ikikuletea konsonanti kwa mraba wa mwisho, usishtuke, fikiria majina ya watu: EBRAHIM, ABDILATIF, SAID. Hii moja imeniokoa mara nyingi kuliko kamusi.

Nikiwa hapo, kuna mtego ambao mtungaji wetu anaupenda sana na lazima niwaonyeshe vizuri. "Nchi ya kubuniwa ya Shaaban Robert, herufi 10." Mkono unakimbia kuandika KUSADIKIKA. Subiri. KUFIKIRIKA pia ni nchi ya kubuniwa, pia ni ya Shaaban Robert, na pia ni herufi 10. Ziweke moja chini ya nyingine uone: KU mwanzoni zote mbili, mraba wa 6 ni I zote mbili, wa 8 I, wa 9 K, wa 10 A. Zinatofautiana kwa 3, 4, 5 na 7 tu! Sasa kama wima zinapita kwa miraba ya 2, 4, 6, 8 na 10, ni mraba mmoja pekee, wa 4, utakaokwambia uko nchi gani, A au I. Unaweza kujaza ukurasa wote ukiwa nchi isiyo yako na usijue mpaka kesho. Mimi huandika zile sita zinazofanana, nne naziacha wazi, nakunywa chai, nangoja wima ya mraba wa 4 ifike. Huo utamu wa kungoja ndio ulionifunga kwa huu mchezo miaka yote hii.

4. Hii ndiyo iliyonitoa kitandani.

Ilikuwa 2011. Nilikuwa naandika risiti kwa duka moja la vifaa vya ujenzi, na saa ya chakula cha mchana nilikuwa nakimbia kuja kwa benchi. Macho ya Japuonj yalikuwa yameshaanza kufifia, mwangaza anaona, kivuli cha mtu anaona, herufi hapana. Tulikuwa tumepangana hivi: mimi nasoma kidokezo kwa sauti, namwambia miraba mingapi na herufi gani zimeshaingia, yeye anashika kila kitu kichwani. Karatasi nzima, 13 kwa 13, miraba myeusi ikiwemo. Alikuwa amefundisha fasihi miaka 32 na mimi nilikuwa sijakanyaga chuo, yote ninayojua kuhusu vina na mizani, ukwapi na utao (kipande cha kwanza na cha pili cha mshororo), niliyapata kwa hiyo benchi, na chai alikuwa analipa yeye.

Siku hiyo 12 mlalo ilisema: "Kisiwa cha Ziwa Victoria alikozaliwa mwandishi mkubwa wa riwaya. Herufi 7." Sikumaliza hata kumsomea. Mama yangu ni mtu wa Rusinga. Kila likizo ya Desemba tulikuwa tunavuka pale Mbita tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, Tom Mboya amezikwa huko, na kwetu mtu akisema kisiwa, anamaanisha hicho. R, U, S, I, N, G, A, nikahesabu kwa vidole, saba. Nikaandika kwa biro, kwa herufi kubwa, nikapita juu yake mara ya pili ili ikolee. Kidokezo kiliuliza mwandishi alizaliwa wapi na mimi sikujiuliza huyo mwandishi ni nani. Niliandika kisiwa ninachokipenda.

12 wima ilianzia mraba ule ule. "Riwaya ya Said Ahmed Mohamed, 1980. Herufi 8."

"Utengano," mzee akasema.

"Haiingii Mwalimu, inaanza na R."

Akafikiri kidogo. "Utengano, nyathina," yaani mwanangu.

"R iko pale tayari."

"R imetoka wapi?"

Sikilizeni hilo swali. Alikuwa ananifungulia mlango. Hakusema nimekosea, alitaka tu nimsomee lile la mlalo tuliangalie pamoja, na kama ningelisoma kwa sauti angejibu kabla sijavuta pumzi. Nikamwambia, "Hiyo iko sawa, twende mbele."

Tukaenda mbele. 13 wima, jina la kwanza la aliyeandika Kinjeketile. Akasema Ebrahim, nikasema hapana, inaanza na S. Tungo ndefu za kusimulia, akasema tenzi, kwangu ilikuwa inatokea TANZI, ile kamba ya kunasia, nikasema hapa kuna makosa ya uchapaji. Na aliporudia Ebrahim mara ya tatu, amekunja uso, anatafuta kichwani jina lingine linaloanza na S ambalo halikuwepo, nikamwekea mkono begani nikasema, "Mwalimu, labda umesahau. Ni umri tu."

Nilisema kwa upole. Huo upole ndio unaniumiza mpaka leo, juu kama ningefoka angefoka pia, tungegombana na ingeisha hapo. Lakini mtu akikuonea huruma unamwamini. Akanyamaza. Akashika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa, chai ikapoa ikafanya utandu juu, halafu akaomba nimwitie bodaboda.

Majibu yalitoka kesho yake nyuma ya karatasi mpya kama kawaida. 12 mlalo, UKEREWE. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa huko 1944, aliyetupatia Rosa Mistika mwaka wa 1971. Kisiwa kikubwa kuliko vyote vya hili ziwa letu, ziwa ambalo nimelala kando yake maisha yangu yote. Niliandika UKEREWE chini ya RUSINGA nikazilinganisha, mraba kwa mraba. Hakuna hata herufi moja iliyokutana, saba zote zilikuwa mbovu. Kila neno lililopita pale nililiharibu mimi, na kila jibu alilotoa mzee lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Na yeye kwa benchi hakuwepo. Siku ya pili hakuwepo. Siku ya saba nikaanza kujidanganya kwamba ni mvua. Binti yake nilikutana naye soko la Jubilee, akaniambia baba hataki hata redio, anasema kichwa chake kimeisha, na ameanza kugawa vitabu kwa watoto wa jirani.

Nilienda kwake Nyalenda jioni hiyo hiyo na ile karatasi mkononi. Ilikuwa siku ya 11. Sikukaa, nilisimama mlangoni nikamwambia, "12 mlalo ilikuwa Ukerewe. Mimi niliandika Rusinga. Wewe hukusahau kitu." Akakaa kimya. Halafu akauliza, "Kwa hivyo 12 wima?" Nikasema Utengano. "Na 13?" Ebrahim. "Na zile tungo?" Tenzi. Akaenda hivyo mpaka mwisho, vidokezo vyote 28, kwa mpangilio wake, bila karatasi, siku 11 baadaye, na hakuruka hata kimoja. Alipomaliza akamwita binti yake aweke chai.

Alirudi kwa benchi Jumatatu. Vitabu vilirudi karibu vyote, ila viwili mpaka leo hatujaviona, na kimoja kilikuwa na maandishi yake pembeni kwa kila ukurasa, kazi ya miaka.

Kwa hivyo nikiwaona mnang'ang'ania herufi moja na kukataa maneno matatu mazima yanayoipinga, mimi siwezi kucheka nanyi. Maneno matatu yakigongana na lako moja, futa lako. Na kama kuna mtu ametaja jibu na linakataa kuingia, msomee tena lile la mlalo kwa sauti kabla hujafungua mdomo kuhusu kumbukumbu yake.

5. Bahari za ushairi karirini kwa idadi ya mishororo na mtajaza robo ya karatasi mkiwa bado mnangoja mandazi: tathnia 2, tathlitha 3, tarbia 4, takhmisa 5.

6. Tafsiri za Nyerere zina tahajia yake, usilete ya kanisani wala ya sinema. Ni Kaizari kwa zedi. Mabepari wako VENISI, herufi 6, ilivyo kwa jalada la 1969.

7. Simu ikae mfukoni mpaka umalize. Ukikwama kabisa kuhusu nani alifungwa 1969 mpaka 1972 na akatoka na Sauti ya Dhiki, muulize mtu aliye karibu nawe. Atakwambia ni Abdilatif Abdalla, halafu atakusomea beti mbili, na hizo beti utakaa nazo.

8. Kuhusu uchapaji. Ndiyo, makosa hutokea, siwezi kuwadanganya. Hata jina la huu mchezo linasimuliwa kwamba lilitokana na wachapaji: Arthur Wynne, mtu wa Liverpool, alipoutoa mara ya kwanza kwa gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, ukiwa na umbo la almasi, aliuita kinyume cha tunavyouita sasa, Word-Cross, na wiki chache baadaye maneno yakabadilishana nafasi na yakabaki hivyo mpaka leo. Japuonj ndiye aliyenisimulia. Lakini kwa miaka yote niliyokaa kwa hiyo benchi, kosa la uchapaji la kweli kwa karatasi yetu nimeliona mara mbili. Makosa yangu mimi siwezi kuyahesabu. Sasa piga hesabu ni nani wa kuanza kumshuku.

Kesho karatasi inatoka saa moja. Wewe wa KAISARI, nimekuwekea penseli kwa mama wa chai, ile ya kijani, imeshachongwa. Ukifika, kabla hujasoma 1 mlalo, kaa upande wa kulia wa mzee, sikio la kushoto halisikii vizuri, umwambie ile ya jana ilikuwa Kaizari kwa zedi, alivyosema. Usingoje mchana. Mlipoondoka leo nilibaki nyuma kulipa, na nilimwona amekishika kikombe kwa mikono miwili.