Ukifika Hamburg, kamzuru Bibi Salme: namna ya kutembea makaburi ya Ohlsdorf

Mgeni wa kwetu akifika Hamburg kwa kawaida hupelekwa bandarini, akapandishwa boti, akalishwa mkate wa samaki, na siku ikaisha. Mimi wageni wangu nawaomba waniachie asubuhi moja niwapeleke makaburini Ohlsdorf. Wengi hushtuka. Kwetu mtu huenda mavani kuzika au kuzuru wake. Husoma Fatiha, hung'oa majani mawili matatu, hurudi nyumbani. Kwenda kutembea huko na ramani mkononi huonekana kama utovu wa adabu. Wasiwasi huo nauelewa na ninauheshimu. Lakini ndani ya makaburi hayo amezikwa Bibi Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mzaliwa wa Mtoni, Unguja, na sioni vipi mtu wa pwani apite mji huu bila kwenda kumsalimu.

Jambo la kwanza la kujua ni ukubwa wa mahali penyewe. Ohlsdorf ina hekta 389, na ni miongoni mwa makaburi makubwa kabisa duniani. Yalifunguliwa mwaka 1877, na tangu hapo wamezikwa humo watu wapatao milioni 1.4. Magari hupita ndani, mabasi ya mjini yana vituo vyake humo humo, na vituo vingine vinaitwa kwa namba za makanisa madogo ya mazishi yaliyotawanyika kila upande. Ukiingia bila mpango utatembea mpaka miguu iwake moto na utakachokumbuka ni miti. Kwa hiyo chagua makaburi matano au sita tu kabla hujatoka nyumbani. Anayetaka kuona wote maarufu kwa siku moja hamwoni hata mmoja. Anapiga picha za mawe na kuondoka.

Kufika ni rahisi. Panda treni ya S1 au U1, shuka kituo cha Ohlsdorf. Lango kuu liko hatua chache tu. Hili litamfaa hata msafiri anayebadilisha ndege na ana saa kadhaa za kungoja: ukitoka uwanja wa ndege kwa S1, Ohlsdorf ndicho kituo cha kwanza. Karibu na lango kuna makumbusho madogo ya makaburi na ofisi inayotoa maelezo. Omba ramani. Eneo lote limegawanywa katika miraba yenye herufi na namba, na kila kaburi linalojulikana lina mraba wake. Usidhani utalipata kwa kuuliza wapita njia. Wengi wamekuja kwa baba au bibi yao tu, na jina la Emily Ruete, ambalo ndilo la Bibi Salme huku, halitawaambia kitu. Ndiyo, mbele ya jiwe utaliona jina hilo, kwa hiyo lishike kichwani mapema.

Waliotengeneza mahali hapa walikuwa wawili, na ukilijua hilo utaelewa kwa nini upande mmoja unakupoteza na mwingine unakuongoza. Wilhelm Cordes, aliyebuni sehemu ya zamani, aliitaka iwe bustani: njia zinajipinda, kuna mabwawa, vilima, miti iliyoachwa ikue itakavyo. Baada yake, kuanzia mwaka 1919, Otto Linne alipanua upande wa mashariki kwa mistari iliyonyooka na nyua za majani zilizokatwa sawasawa. Mimi napenda wa Cordes, na mgeni mwenye muda mfupi namwambia abaki huko. Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni vichaka vya rododendroni huchanua zambarau, waridi na nyeupe, vingine virefu kuliko nyumba ya chini. Kama una hiari ya tarehe, chagua hizo.

Sasa Bibi Salme. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, mama yake akiwa suria wa Kicherkasi. Alijifundisha kuandika kwa siri, wakati ambapo wasichana wa jumba walifundishwa kusoma tu. Mwaka 1859 aliingia katika njama ya kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao mwingine, Sayyid Majid aliyekuwa kwenye kiti, na njama ilivunjwa. Kisha akampenda Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake Mji Mkongwe. Kampuni za Hamburg zilikuwa na biashara kubwa Unguja siku hizo, na tangu mwaka 1859 kulikuwa na mkataba baina ya Hamburg na miji wenzake ya Kijerumani, na Sultani. Akapata mimba. Mwaka 1866 akatoroshwa kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden, na huko mwaka 1867 akabatizwa kwa jina la Emily, akaolewa siku hiyo hiyo, akapanda meli kuja kwenye baridi asiyoijua. Mtoto wake wa kwanza hakufika Hamburg akiwa hai. Watatu wengine walizaliwa hapa. Mwaka 1870 mumewe akapata ajali ya tramu na kufa, na mjane wa miaka 25 akabaki na watoto wadogo katika nchi ya watu, lugha ya watu, bila urithi.

Nawaeleza wageni wangu habari hizi njiani, kabla hatujafika, kwa sababu kaburi lenyewe ni la kiasi. Hakuna kuba wala maandishi ya dhahabu. Ni eneo la ukoo wa Ruete, na jina lake limo pamoja na la wakwe zake. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akachomwa kwa desturi ya alipoishia, na majivu yake yakaletwa hapa. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake ulikutwa mfuko wa mchanga wa Unguja, ukazikwa pamoja naye. Alirudi Unguja mara mbili, mwaka 1885 na 1888, akidai haki yake na kutaka kupatana na ndugu zake. Barghash, yule yule ambaye Salme alimpigania ujanani, hakukubali kumwona. Jiwe lake lina maneno ya Kijerumani yanayomsifu mwenye kuipenda nchi yake kwa uaminifu wa moyo. Simama hapo upewe tafsiri na mwenzio anayejua lugha, na usiwe na haraka.

Watu huniuliza wafanye nini mbele ya kaburi lake. Wapo wanaosoma dua, wapo wanaosita kwa kuwa alitoka katika dini ya wazee wake, wapo wanaosimama kimya na kumwita bibi. Simwamulii mtu. Ninachoomba ni kwamba tusimgeuze malaika. Aliandika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886, na humo aliutetea utumwa wa Unguja kwa maneno ambayo mjukuu wa mtumwa hawezi kuyasoma bila kuumia. Mjini Hamburg uwanja mmoja ulipewa jina lake mwaka 2019, na haukupita muda wajumbe wa wilaya wakaamua jina hilo liondolewe kwa sababu ya maandishi hayo. Kwangu, yote mawili yasemwe pale pale kaburini: mateso yake na upofu wake. Katika kundi la wageni wetu mara nyingi yumo mwenye nasaba ya waliomiliki na mwenye nasaba ya waliomilikiwa, na mazungumzo mazuri kabisa niliyowahi kuyasikia juu ya historia yetu yalifanyika chini ya miti hiyo, mbali na nyumbani, bila mtu kumpandishia mwenzake sauti.

Ukitoka hapo, kaburi la Carl Hagenbeck litaendeleza mazungumzo hayo. Huyu aliuza wanyama wa porini dunia nzima, na bustani yake ya wanyama iliyofunguliwa Stellingen mwaka 1907 ipo mpaka leo, watoto wanapelekwa kila wikendi. Kisichosemwa sana mbele ya watoto ni kwamba tangu miaka ya 1870 aliwaonyesha pia watu, wakiwemo watu kutoka Sudan, nyuma ya uzio, kwa kiingilio. Juu ya kaburi lake alilazwa simba wa shaba, amelala usingizi; simba huyo aliibwa mwaka 2014. Adolph Woermann, mwenye meli, yupo Ohlsdorf pia. Alifariki mwaka 1911. Kampuni ya meli za Afrika Mashariki iliyoanzishwa hapa mwaka 1890 akiwa miongoni mwa wakubwa wake ndiyo iliyounganisha Hamburg na Tanga, Dar es Salaam na Unguja. Ukiwa na muda wa mmoja tu kati ya hao wawili, nenda kwa Hagenbeck.

Mwingine nisiyemwacha ni Heinrich Hertz. Alizaliwa Hamburg mwaka 1857, akafariki Bonn mwaka 1894 kabla hajatimiza miaka 37, akaletwa kuzikwa kwao. Yeye ndiye aliyethibitisha kwa majaribio kwamba mawimbi ya sumakuumeme yapo kweli. Wageni wengi huwa hawamjui mpaka niwaulize mtangazaji wa redio nyumbani husemaje akitaja masafa. Megahezi! Jina la marehemu huyo linatajwa kila siku kutoka Lamu mpaka Bujumbura, na wanaolitaja hawajui kwamba ni jina la mtu. Vijana hasa hufurahi sana hapo.

Helmut Schmidt, kansela wa Ujerumani Magharibi kuanzia 1974 hadi 1982, amezikwa na mkewe Loki katika kaburi la familia. Wajerumani wengi huanzia hapo. Kaburi ni dogo kuliko unavyotarajia kwa mkuu wa serikali, na dakika tano zinatosha.

Muda uliobaki uweke kwenye kaburi la pamoja la waliouawa kwa mabomu. Mwishoni mwa Julai 1943 ndege za Uingereza na Marekani ziliipiga Hamburg usiku na mchana, na usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 moto ulishika mitaa mizima hadi hewa yenyewe ikawa tufani la moto. Zaidi ya watu 36,000 wamelazwa Ohlsdorf katika handaki kubwa lililochimbwa kwa umbo la msalaba. Majina yao hayapo. Kuna magogo ya mwaloni yaliyoandikwa majina ya mitaa walikotoka: Hammerbrook, Rothenburgsort, Hamm. Katikati umejengwa mnara wenye sanamu za Gerhard Marcks, uliozinduliwa mwaka 1952: mvushaji wa wafu wa ngano za Kigiriki yuko kwenye mashua, na abiria wake ni bwana na bibi arusi, mama na mtoto, mzee. Mitaa hiyo ipo mpaka sasa, treni zinapita huko, na ndugu zetu wengine wamepanga nyumba huko. Mgeni aliyefikia kwa ndugu Hamm akiliona gogo lenye jina la mtaa anaolala, huhitaji kumweleza zaidi.

Kabla ya kwenda huko, au baada yake, pitia mahali pa kuwakumbuka waliouawa na Wanazi, mkabala na jengo la kuchomea maiti. Kuna nguzo ndefu iliyopangwa vyombo 105 vyenye udongo na majivu kutoka kambi za mateso. Nasisitiza uone vyote viwili siku moja. Anayeona kimoja tu anaondoka na nusu ya habari za vita ile.

Adabu za mahali hapa zinatofautiana kidogo na zetu. Makaburi mengi yamepandwa maua, na ile ni bustani ya mtu: usikanyage, usichume, usiegemee shahidi la kaburi kwa ajili ya picha. Mazishi hufanyika siku za kazi. Ukikuta msafara, simama pembeni mpaka upite, na simu iwe mfukoni. Kuzungumza kwa sauti ya kawaida hakuna ubaya. Utaona watu wanakimbia mazoezi na wengine wako kwenye baiskeli. Usiwahukumu, kwao hii ni bustani pia na ndivyo ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Wakati wa baridi nenda asubuhi, maana jua huzama mnamo saa kumi jioni na njia za Cordes gizani hazina huruma. Viatu viwe vya kutembelea, hata kama mnatoka hapo kwenda harusini.

Jambo linalowashangaza zaidi watu wetu ni kwamba kaburi hapa hukodishwa. Muda wa kawaida wa kupumzika maiti ni miaka 25. Familia ikitaka zaidi hulipia, isipotaka sehemu hurudi kwa wenye makaburi. Wengine huona ni ukatili. Mimi nilifikiri hivyo pia miaka ya mwanzo, mpaka nilipojua mpango wa kulea mawe ya kale. Mtu anaweza kuchukua jiwe la zamani lisilo na mwenyewe, akagharimia ukarabati wake, naye akapata haki ya kuzikwa hapo siku zake zikifika, jina la kwanza likabaki mahali pake. Ndiyo maana utaona malaika wa mwaka 1900 amesafishwa vizuri na chini yake kuna jina la aliyefariki juzi.

Nalitaja hili kwa wale mnaoishi huku, si kwa wageni tu. Michango ya kusafirisha maiti nyumbani inatuelemea kila mwaka, na bado ni vigumu kuketi na wazazi kuwauliza wanataka kulazwa wapi. Ohlsdorf ina sehemu ya Waislamu, na zipo za jamaa wengine waliohamia mji huu. Mpeleke mzee wako mkatembee, mwonyeshe Bibi Salme, mkae kwenye benchi mnywe chai. Kisha muulize hapo hapo, kwa adabu, na umpe muda wa kujibu.