Mjane mwenzako ni mama mkwe wako

Msomaji wa miaka 38, mkazi wa Dar es Salaam na mama wa watoto wawili, ameniandikia kwamba tangu mumewe alipofariki miezi 14 iliyopita imani yake imepoa, maombi hayatoki, na katika usharika wake wa Kilutheri haoni mtu wa kumlea kiroho. Anamlalamikia mama mkwe wake wa Machame, Kilimanjaro, aliyekaa naye miezi mitano baada ya matanga, kwa kumwamsha saa kumi na moja alfajiri wasali, kukagua daftari lake la matumizi na kumsukuma kuhusu mirathi, hadi wakagombana na mama huyo akarudi kwake. Sasa amempata kwa simu mtumishi anayemwombea usiku wa manane, ambaye amemwambia kwamba ukoo wa marehemu una agano la mauti, kwamba watoto wasipelekwe Machame Krismasi, na kwamba apande mbegu, yaani amtolee sadaka, kwa fedha za kiwanja alichoacha mumewe. Anauliza kama ni dhambi kumkata mama mkwe kabisa.

Mwanangu, pole sana. Miezi 14 ni michache kwa msiba wa namna hiyo, na mtu anayepiga magoti akakosa la kusema hajaacha kuamini. Wapo waliokaa hivyo mwaka mzima, wakiikariri Sala ya Bwana peke yake, na Mungu hakuwahesabia kuwa wamemwasi.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimejikuta upande wa mama mkwe wako. Umemwandikia kurasa nne za lawama, na katikati yake, kwa sentensi moja ambayo nadhani ulitaka niipite haraka, umesema kwamba ada ya watoto muhula uliopita aliilipa yeye baada ya kuuza ng'ombe wake, "lakini hilo si la msingi". Hilo ndilo la msingi kuliko yote uliyoandika. Kwa mwanamke wa umri wake kule mlimani, maziwa ya ng'ombe wa zizini ndiyo sukari na mafuta ya taa, na samadi ndiyo uhai wa migomba. Aliyemuuza mnyama huyo ili wajukuu wasirudishwe nyumbani hawezi kuwa adui yako, hata kama ulimi wake ni mkali.

Unasema hana huruma kwa kuwa hakulia kaburini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nawe umesahau kwamba siku uliyomzika mume, yeye alikuwa akimzika mtoto. Tena umenitajia kwamba alifiwa na mumewe mwaka 1990. Wazee wa Kilimanjaro wanaukumbuka wakati huo: mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika, na bei ikaporomoka wakati kahawa ndiyo iliyokuwa ikisomesha watoto wa mlima ule. Mama huyu aliachwa na watoto watano na mibuni isiyolipa, akawasomesha wote, na mmoja wao ndiye uliyempenda ukaolewa naye. Ile saa kumi na moja alfajiri inayokuudhi huenda ndiyo saa iliyomvusha, na ninaamini alikuamsha akupe kitu pekee alichojua kwamba kinafanya kazi. Kuhusu daftari la matumizi sioni hata kosa la kujadili.

Umeniuliza utampata wapi mlezi. Mtume Paulo alipomwandikia Tito aliwapa wanawake wazee kazi ya kuwafundisha wanawake vijana, na katika barua ya kwanza kwa Timotheo, akizungumzia wajane, alisema utauwa uanzie kwa jamaa ya nyumbani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; mama mkwe wako amekilalia kitanda cha ujane zaidi ya miaka 30. Najua utanijibu kwamba ni mkali. Soma tena habari za Ruthu, mwanangu, na usiishie kwenye maneno matamu yanayosomwa harusini. Naomi aliporudi Bethlehemu aliwaambia wanawake wa mji wasimwite Naomi, wamwite Mara, yaani mchungu, kwa kuwa Mwenyezi amemtenda mambo machungu sana. Ruthu aliipokea imani ya Israeli kutoka kwa mjane mwenye uchungu namna hiyo, na mjane huyo ndiye aliyemwelekeza ni mtu gani wa jamaa mwenye haki ya kulikomboa shamba na ni saa ngapi ya kumwendea.

Ndivyo ninavyoiona hoja ya mirathi. Umeandika mwenyewe kwamba anataka kikao cha ukoo kikae na jina lako lipendekezwe kuwa msimamizi. Mama anayetaka kukunyang'anya asingelianza na jina lako. Chukua cheti cha kifo, nenda kwenye kikao, soma kila mstari wa muhtasari kabla ya kutia sahihi, kisha fungueni shauri mahakamani. Kiwanja kisiguswe kabla ya hapo, kwa kuwa na watoto wako wana haki ndani yake.

Na huyo mtumishi wa simu aache kukuita binti yake wa kiroho. Hajui majina ya watoto wako, hajakaa nawe hata siku moja ya homa, ila anajua kwamba una kiwanja. Yesu aliwaonya watu juu ya walimu wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu, na sijui maneno yaliyo wazi kuliko hayo. Naona siku hizi wanawake wengi, waliofiwa na wasiofiwa, wanamtafuta mlezi asiyewaona: wakikemewa wanamzima, wakisifiwa wanamtumia sadaka, na ndoa nyingi zinavunjika kwa ushauri wa sauti isiyojulikana inatoka wapi. Malezi ya kweli yana mashahidi. Mwendee mchungaji wako, na urudi kwenye jumuiya ya mtaani kwako hata kama watakutazama. Wakikutazama wiki tatu, ya nne watakupa kitabu cha nyimbo.

Swali lako nimelijibu: kumkata ni dhambi, na ni hasara. Mpigie simu leo, umwombe radhi bila kueleza sababu nyingi, na Desemba upande basi na watoto mwende Machame. Jioni ya kwanza, mkishamaliza kula, usianze na mirathi. Mwulize aliomba nini usiku ule wa mwaka 1990, waombolezaji walipokwisha kuondoka na watoto watano wamelala, kisha unyamaze mpaka amalize.