Muulize Fundi: Taa iliyozimika kabla ya Isha

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi nauza mihogo ya kukaanga na viazi karai Likoni, karibu na feri, kuanzia Magharibi hadi kama saa sita usiku. Nina paneli ya sola ya wati 20 juu ya kibanda, betri ya ampia 7, balbu mbili za wati 5, na kila usiku wateja wawili watatu huniachia simu niwachajie. Betri niliyonayo ni ya tatu. Hakuna iliyomaliza mwaka. Sasa mpwa wangu kanionyesha video ya mtu aliyeunganisha kapasita sita nene kama makopo, akatupa betri kabisa. Ati zinajaa kwa dakika chache na zinadumu miaka 20. Je, na mimi nitupe?
Muuza mihogo, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usitupe kitu bado. Video hiyo, au ndugu yake, ilinikamata na mimi mwaka jana, na pesa zikanitoka. Kapasita ni kifaa cha kushika umeme na kuutoa kwa mpigo. Mtu yule hakusema uongo. Ila video ilikatwa kabla taa haijazimika.

Niliagiza seti yangu: kapasita sita, kila moja faradi 500 (hicho ndicho kipimo cha ukubwa wake) na volti 2.7, zimepangwa juu ya ubao wa kuzisawazisha ili isiwe moja inashiba kupita kiasi na nyingine ina njaa. Zikifuatana hivyo huwa volti 16.2. Bei yake ilikuwa kama mara mbili ya betri mpya ya ampia 7. Nikapanda nazo darini kwangu Kibokoni, nikazifunga kwenye paneli ya wati 20, sawasawa na yako. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, jua la kaskazi, bati halikanyagiki. Nikashika mita mkononi. Volti zilikuwa zinapanda huku naziona, na dakika ishirini na kitu baadaye seti imejaa tele. Nilimwita mke wangu aje ashuhudie. Betri yako kwa paneli hiyo hiyo hula jua la siku nzima.

Jioni, muadhini alipoanza adhana ya Magharibi, nikawasha balbu moja tu ya wati 3 kupitia konvata, kidude cha kuipa balbu volti zisizoyumba. Nikaenda msikitini, nikarudi, taa inawaka vizuri, nikajimiminia kahawa. Adhana ya Isha ilinikuta gizani, napapasa meza kutafuta kikombe.

Hesabu yake ndiyo hii. Wati-saa moja ni wati moja inayotumika kwa saa moja. Kapasita moja ya faradi 500 ikijaa kabisa hubeba nusu wati-saa. Sita zinabeba wati-saa 3. Betri yako ya ampia 7, kwa jina kamili ampia-saa 7, ikiwa mpya, volti 12 mara 7, ni wati-saa 84. Na hizo 3 zenyewe huzipati zote. Betri hushikilia volti zake karibu na 12 hadi inapokaribia kuisha, lakini kapasita hushuka tangu tone la kwanza: 16, 15, 14, inateremka tu. Ikifika nusu ya volti ilizoanza nazo umeshatumia robo tatu ya umeme wake, na konvata nyingi hapo hugoma. Ile robo ya mwisho hubaki ndani haina mtumiaji. Toa na kinacholiwa na konvata yenyewe, utaelewa kwa nini sikufika Isha.

Kuna jambo moja ndani ya kapasita hizi ambalo kila mtu wa pwani angependa kulijua. Betri ya risasi, kama hiyo yako, huweka umeme kwa kubadilisha sahani zake na asidi yake, na kila badiliko huchakaza kidogo. Kapasita haibadilishi kitu. Chaji inakwenda kutulia tu juu ya uso wa makaa laini yaliyopakwa kwenye karatasi ya alumini. Ndiyo maana yaweza kujazwa na kumwagwa mara laki kadhaa, wakati betri ya risasi ukiimaliza kila siku huhesabu mamia tu. Na makaa hayo, mengi yake hutengenezwa kwa vifuu vya nazi! Vile vile tunavyovitupa jikoni. Yakishughulikiwa kiwandani, gramu moja huwa na vitundu vingi hivi kwamba uso wake wote ukitandazwa unapita mita mraba 1,000. Basi mimi tangu siku ile naiita kata, ile ya kuchotea maji. Kifuu ni kifuu: unachota mara moja imejaa, unamwaga mara moja imekwisha. Lakini maji ya kulala nayo huyaweki katika kata, unayaweka mtungini.

Wewe kwa usiku mmoja unahitaji kiasi gani? Balbu mbili za wati 5 kwa saa tano ni wati-saa 50. Simu moja ya siku hizi hunywa kama 15 hadi 20. Simu mbili tu, umeshapita 80. Kwa kapasita kama zangu ungehitaji zaidi ya 200, na kibanda kisingebaki na nafasi ya karai. Hiyo miaka 20 nayo ni ya mahali pa baridi. Kila joto likiongezeka digrii 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu, na chini ya bati la Likoni unajua mwenyewe kulivyo.

Tena haikai na chaji. Niliiacha yangu Ijumaa ikiwa volti 16, haijafungwa na kitu, Jumatatu nikaikuta 13 na ushei.

Sasa turudi kwa betri zako tatu, maana hapo ndipo penye kesi. Umeona hesabu: kila usiku unaikamua yote, tena unataka na zaidi. Betri ya risasi inataka uitumie nusu tu. Asubuhi paneli ya wati 20, siku ya jua zuri kwa muda wa saa tano, baada ya vipotevu inakupa kama wati-saa 70. Kwa hiyo betri haijazwi ikashiba hata siku moja, na betri ya risasi inayolala na njaa huganda chumvi kwenye sahani hadi ikafa. Mwezi wa tano, masika, ndiyo basi kabisa. Na nikuulize: imekaa wapi? Wauza mihogo wengi ninaowajua huiweka chini ya meza, futi mbili kutoka jikoni. Kama na wewe ni hivyo, iondoe leo kabla hujawasha makaa.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Balbu zishuke ziwe za wati 3. Za LED zinatosha kumwonyesha mteja pilipili na ndimu. Paneli iwe ya wati 40. Betri iwe ya lithiamu, ile iliyoandikwa LiFePO4 ubavuni, volti 12.8, ampia 12, yaani kama wati-saa 150. Hiyo huvumilia kutumiwa karibu yote, na hujazwa mara 2,000 na zaidi. Kontrola nayo, ile inayosimamia chaji kati ya paneli na betri, iwe na mpangilio wa lithiamu, usiichomeke kwenye ile ya zamani bila kuuliza. Itakuuma mfukoni mara moja. Na simu za wateja zilipiwe, mwanangu. Umeme wako si chumvi ya mihogo.

SWALI: Mzee Fundi, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nimekusanya kapasita 30 kutoka televisheni na feni mbovu. Nikiziunganisha zote zinaweza kuwa betri ya sola?
Mwanafunzi, Tudor

JIBU: Hapana, na nakusihi uzishike kwa adabu. Ile kubwa ya televisheni, tuseme maikrofaradi 220 (maikrofaradi ni faradi moja ikigawanywa mara milioni) na volti 400, ikijaa yote inaweza kuwasha balbu ya wati 3 kwa sekunde sita. Thelathini zikiwa kubwa hivyo zote, ni dakika tatu. Ile ya feni hata usiihesabu, balbu haitamaliza kupepesa. Uliza mwalimu wa fizikia akuonyeshe: nusu ya faradi, mara volti, mara volti tena. Volti ndizo zinazotisha hapo. Televisheni iliyochomolewa ukutani inaweza bado kuwa na mia tatu na kitu ndani ya kopo hilo, na hizo hazijali kama wewe ni mwanafunzi. Imwage kwanza kupitia rezista, kile kipande cha kupunguza kasi ya umeme, upime kwa mita, ndipo uguse.

SWALI: Kaka Fundi, asalaam aleikum. Nina vitalu vya mchicha na mnavu Kisauni. Pampu yangu ndogo ya volti 12 inavuta kisimani moja kwa moja kwa paneli ya wati 60, sina betri na sitaki. Taabu ni mawingu. Wingu likipita pampu inasimama, jua likirudi nusu inanguruma tu bila kuzunguka. Nimesikia habari ya kapasita. Ni kweli au ni maneno?
Mkulima wa mboga, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, dadangu. Kwako ni kweli. Huhitaji umeme wa kulala nao, unahitaji wa kusukumia. Mota inapoanza kuzunguka hutaka ampia mara kadhaa ya zile za kawaida, na paneli ya wati 60 haiwezi kutoa zaidi ya ampia tatu na nusu hata uiombe vipi. Kapasita hutoa mamia kwa mpigo. Shanghai, kule China, mabasi ya kapasita yaliingia barabarani mwaka 2006: hayakwenda mbali, lakini yalijazwa upesi kituoni, abiria wakiwa bado wanapanda. Pampu yako ni basi la namna hiyo.

Usichukue sita kama zangu. Paneli yako isipokuwa na kazi hupanda hadi karibu volti 22, na sita mwisho wake ni 16.2, zitavimba. Chukua tisa za volti 2.7, faradi 500, pamoja na ubao wa kusawazisha. Hizo hufika 24.3 na paneli haiwezi kuzishinda. Tia diodi kati ya paneli na kapasita ili usiku umeme usirudi juu. Kisha, na hili wengi husahau, weka swichi ya volti: pampu iwashwe zikifika 15, ikatwe zikishuka 11. Bila hiyo pampu itaziburuta kapasita hadi chini, itanguruma vile vile, na siku moja itaungua. Ikiwa na swichi, wingu likija itasukuma kama dakika moja, itapumzika tatu zikijaa, itasukuma tena. Mchicha haujui tofauti.

Dukani usikubali maandishi peke yake, kuna kapasita za bandia nyingi. Mwambie fundi ajaze moja iliyo tupu kwa ampia 1 hadi volti 2.5, huku anaangalia saa. Ya faradi 500 ya kweli itachukua kama dakika 21. Ikijaa kwa dakika nane, mrudishie mwenyewe.

Halafu kabla hamjakaza nati hata moja, funikeni ncha kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mimi sikufunika. Bisibisi ikaniponyoka ikalala juu ya ncha mbili, ukatoka mlio kama fataki ya maulidi, na chuma cha mbele kikayeyuka kama nta. Ninayo bado dukani. Naifungulia mikebe ya rangi.