Maswali ya Wasomaji: Masjala, Wodi na Neno "Wito"

SWALI: Shikamoo, Mama Mshauri. Mimi ni msaidizi wa kumbukumbu katika masjala ya ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, nina umri wa miaka 38, na nimeajiriwa kwa masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzipa namba za folio, yaani namba ya kila karatasi ndani ya jalada, kuzifungia katika majalada na kuyapeleka majalada hayo kwa maofisa. Ofisi yetu ilipohamia huku kutoka Dar es Salaam mwaka 2017 nilikuja nayo, mke wangu na watoto wakabaki kule kwa sababu ya shule na biashara yake. Mwaka jana nilihudhuria semina ambapo mhamasishaji alituambia kwamba asiyefurahi kazini hajalijua kusudi lake, na kwamba kazi isiyo na maana humuua mtu taratibu. Tangu siku hiyo nikishika jalada naona kama nimeshika jiwe. Rafiki yangu aliacha kazi akaanzisha kituo cha kufundisha watoto wasiosikia, na kila nikimwona namwonea wivu. Je, ni kweli kwamba kazi yenye maana ndiyo inayompa mtu furaha? Na kama ni kweli, niache kazi?
Mtu wa masjala, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali lako la pili kwa sababu ndilo lenye hatari: usiandike barua ya kuacha kazi ukiwa bado na joto la semina. La kwanza linahitaji maneno mengi zaidi, kwa kuwa mhamasishaji wenu alifunga mambo mawili katika furushi moja na kuliita kusudi.

Jambo la kwanza ni furaha ya saa kwa saa. Mwaka 2004 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu wanawake 909 wenye ajira katika jimbo la Texas, Marekani. Kila mmoja aliombwa aigawe siku yake ya jana vipande vipande, kisha aeleze alijisikiaje katika kila kipande. Faragha na mwenza, mazungumzo na marafiki, mapumziko, chakula na sala vilishika nafasi za juu. Kazi ilikuwa karibu na mkia, na mkia wenyewe ulishikwa na safari ya asubuhi ya kwenda kazini. Yeyote aliyewahi kugombea daladala ya Mbagala saa kumi na mbili alfajiri hahitaji profesa amthibitishie hilo. Kwa hiyo, ukiipima kazi kwa furaha ya aina hii, karibu kila kazi itafeli, na ya rafiki yako pia, kwani unamwona akiwa darasani na watoto, humwoni tarehe thelathini anapotafuta kodi ya jengo.

Jambo la pili ni kule kujiona kwamba umo katika maisha, kwamba siku yako ina mwanzo na mwisho na kuna anayekutarajia. Hili ni gumu kulipima mtu akiwa nalo, ni rahisi kulipima likimtoka. Marienthal ni kijiji kilicho karibu na Vienna, Austria, na wakazi wake walitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda hicho kilipofungwa kati ya mwaka 1929 na 1930, kibarua cha kijiji kizima kiliota nyasi. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, pamoja na wasaidizi wao, walikwenda kuchunguza hali ya watu wale, wakachapisha waliyoyaona mwaka 1933. Walipima hata mwendo wa wapita njia katika barabara ya kijiji: wanaume walikuwa wakijikokota na kusimama mara kwa mara bila sababu, ilhali wanawake, ambao kazi za nyumbani hazikufungwa na kiwanda, walitembea kwa haraka kuwazidi. Vitabu vilivyoazimwa katika maktaba ya kijiji vilipungua kwa karibu nusu, ingawa ada iliondolewa na kila mtu alikuwa na muda wa kusoma kutwa. Wanaume walipoulizwa wameshindaje, waliweza kutaja kuamka, kula na kulala. Katikati ya hayo palikuwa patupu. Wako wanawake waliosema kwamba wangerudi kiwandani hata leo, wala si kwa ajili ya fedha peke yake, kwa sababu walichoka kufungwa ndani ya kuta za nyumba zao.

Sasa, mwanangu, watu wale walipoteza kazi ya namna gani? Kusokota nyuzi na kufuma, zamu baada ya zamu, katika makelele ya mashine. Hakuna mhamasishaji ambaye angeisifu kazi hiyo jukwaani. Jahoda alikuja kueleza baadaye kwamba ajira, mbali na mshahara, humpa mtu ratiba ya siku, watu wa kukutana nao nje ya nyumba yake, ushirika katika shughuli inayomzidi yeye, hadhi, na ulazima wa kujishughulisha. Masjala inakupa yote matano. Huyaoni kwa sababu unayo.

Lakini sitaki ufikiri kwamba nakwambia uridhike tu, kwani maana unayoitafuta si upuuzi. Mwaka 1997 Amy Wrzesniewski na wenzake walichapisha majibu ya wafanyakazi 196 waliosailiwa kama wanaiona kazi yao kuwa njia ya kupata riziki, ngazi ya kupandia vyeo, au wito. Miongoni mwao walikuwamo wasaidizi wa ofisi 24, watu wa kazi inayokaribiana na yako, nao waligawanyika karibu mafungu matatu yaliyo sawa. Katika watu wote 196, walioiona kazi yao kuwa wito ndio waliokuwa wameridhika zaidi na maisha. Hata hivyo mtu makini atauliza kipi kilitangulia, kwa maana yawezekana kabisa kwamba aliyetoka nyumbani na moyo mweupe ndiye anayeiona meza yake kuwa wito.

Nikueleze habari ya jalada moja. Nilipostaafu ualimu, madai yangu yalikwama kwa sababu barua ya kuthibitishwa kazini haikuonekana. Mara tatu nilisafiri, na mara tatu niliambiwa nirudi wiki ijayo. Mara ya nne nilimkuta kijana aliyelifungua jalada langu juu ya meza, akapitisha kidole katika pembe ya kila karatasi akihesabu kwa sauti ya chini: arobaini, arobaini na moja, arobaini na tatu. Akarudia. Kisha akaingia nyuma ya makabati, akakaa huko yapata robo saa, akatoka na jalada la mwalimu mwingine ambaye tunafanana majina mawili, na folio namba 42 ilikuwa imefungiwa humo kwa miaka ishirini na ushei. Akaichomoa, akakung'uta vumbi kwenye suruali, akaniambia nisubiri nje. Kiinua mgongo kilipotoka ndicho kilichoezeka nyumba hii ninamoandikia. Kijana yule hajui habari ya mabati haya, na pengine jioni ile alirudi kwake akisema kwamba ameshinda akihesabu karatasi.

Hapo ndipo penye kasoro ya kazi yako, na inatibika. Mwaka 2007 Adam Grant na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu waliokuwa wakipiga simu kuchangisha fedha za chuo kikuu huko Michigan. Baadhi yao walikutanishwa kwa dakika tano tu na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa michango hiyo, na mwezi mmoja baadaye muda waliokuwa wakitumia kwenye simu ulikuwa umezidi maradufu. Kilichopimwa pale ni juhudi, kwa hiyo sikuahidi furaha. Lakini mwombe mkuu wako wa masjala akupangie siku moja kwa wiki dirishani, mahali wanapofika wastaafu na wajane, na uchague jalada moja ulifuatilie hadi mwisho wake.

Nimebakiza jambo ambalo hukuniuliza. Barua yako ina sentensi moja kuhusu mkeo na watoto, nayo umeipitia mbio kama mtu anayevuka barabara. Jioni ukifika chumbani kwako Dodoma ukabisha hodi, nani anakuitikia? Tazama tena orodha ya wale wanawake wa Texas: karibu kila kilicho juu ya orodha hiyo umekiacha Dar es Salaam. Nashuku kwamba jiwe unaloliona katika jalada limetoka huko, na mhamasishaji akalipa jina lisilo lake. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inaiunganisha miji hiyo miwili kwa takriban saa nne, na utumishi wa umma una utaratibu wa uhamisho wa kumfuata mwenza, ambao mtu wa masjala anaufahamu kuliko mimi. Shughulikia hilo kwanza, na ukiona baada ya mwaka mmoja kwamba jalada bado ni zito, niandikie tena tuzungumze habari ya kuacha kazi.

SWALI: Shikamoo, Mama. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali mojawapo mkoani Tanga. Kwamba kazi yangu ina maana sina shaka, kwani nimepokea watoto wengi kwa mikono hii. Lakini nikitoka zamu ya usiku, ambayo mara nyingi naifanya peke yangu, nalia njiani, na nikiuliza malipo ya saa za ziada naambiwa kwamba uuguzi ni wito. Je, nina kasoro gani?
Muuguzi, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huna kasoro. Wewe ni jibu la swali la ndugu yako wa Dodoma: yeye anadhani maana ingemletea furaha, nawe unayo maana na unalia. Roy Baumeister na wenzake, mwaka 2013, waliona kwamba furaha na maana huenda pamoja kwa sehemu kubwa, lakini huachana mahali fulani, kwani waliosema kwamba maisha yao yana maana zaidi ndio waliosumbuliwa zaidi na wasiwasi na msongo. Anayebeba jambo kubwa huhisi uzito wake.

Lakini uzito wa kupokea mtoto ni tofauti na uzito wa kuachwa peke yako na kina mama wote wa wodi, na usikubali mtu yeyote auchanganye. Mwaka 2009 Stuart Bunderson na Jeffery Thompson walichapisha utafiti juu ya watunza wanyama katika bustani za wanyama za Marekani na Kanada. Wale walioiona kazi yao kuwa wito waliipenda kwa dhati, na ndio hao hao waliokuwa tayari kupoteza mshahara, mapumziko na starehe kwa ajili yake, kwa hiyo ndio waliokuwa rahisi kutumiwa vibaya. Nimefundisha kwa miaka mingi, na neno hilo nalijua vizuri. "Ualimu ni wito" tuliambiwa tulipodai nauli za likizo. Sikumbuki kuambiwa hivyo siku matokeo ya mtihani yalipotoka mazuri. Wito ni neno la kusemwa na anayeitika. Likisemwa na anayedaiwa, huwa ni njia ya kuahirisha deni.

Shirika la Afya Duniani lilipoandika mwaka 2019 juu ya uchovu unaotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa, liliuweka miongoni mwa mambo ya mahali pa kazi, wala halikuuita ugonjwa. Maana yake ni kwamba dawa yake haimo moyoni mwako peke yake. Kila Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, mnawasha mishumaa na kurudia kiapo, na ni sherehe nzuri, lakini hakuna mahali mlipoapa kufanya zamu ya watu wawili kwa malipo ya mmoja.

Kwa hiyo, kuanzia leo andika katika daftari kila zamu unayofanya peke yako: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na idadi ya kina mama waliokuwamo wodini. Mwisho wa mwezi mwandikie muuguzi mfawidhi barua yenye orodha hiyo, nakala kwa tawi la chama chenu cha wafanyakazi, na uombe mambo mawili tu, yaani mtu wa pili wa zamu ya usiku na malipo ya saa zilizokwisha kupita. Usiipeleke kwa mkono wa rafiki. Ipeleke masjala mwenyewe, ukae pale mpaka uone imepigwa muhuri wa kupokelewa na kupewa namba ya folio.