Maswali ya Wasomaji: Kuokota Taka Ufukweni ni Masomo?

SWALI: Bwana Mhariri, assalaam aleikum. Mwanangu yuko Gredi ya 8 katika shule moja hapa kisiwani. Kila Alhamisi alasiri wanafunzi hupelekwa pwani kuokota taka, na mwalimu hutuambia kwamba huko ni kujifunza kwa kuihudumia jamii. Mtoto hurudi amejaa matope, daftarini hana alichoandika, na hesabu zinazidi kumpiga chenga. Nilimpeleka shule asome. Je, kazi hii ina faida gani kwake, au ni njia ya kupata vibarua wa bure? — Mzazi, Mkomani, Lamu.

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Shaka yako ina msingi. Kuokota taka peke yake ni usafi, nao ni jambo jema, lakini si somo. Kazi hiyo hugeuka kuwa somo pale inapofungamana na kinachofundishwa darasani, inapoitikia haja ambayo wenye mtaa wenyewe wameitaja, na inapomlazimu mtoto, baada ya kunawa mikono, kukaa kitako na kuandika alichokiona na kwa nini kiko vile. Kwa hiyo daftari tupu linanitia wasiwasi kuliko matope.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, unamtaka mwanafunzi atumie maarifa yake katika mambo ya mahali anapoishi, na wazo hilo si geni kwa watu waliozoea msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Majirani zetu wa Tanzania walilijaribu kwa upana tangu mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotangaza Elimu ya Kujitegemea na kutaka kila shule iwe na shamba au karakana, huku wanafunzi wakishiriki kupanga kazi na kuamua mapato yatumiweje. Penye mipango hiyo palikuwa na elimu. Penye amri ya kulima tu, mtoto aliambulia malengelenge. Sheria yetu ya Watoto ya mwaka 2022 nayo inamlinda mtoto asitumikishwe, kwa hiyo swali lako la vibarua wa bure unayo haki ya kuliuliza shuleni waziwazi.

Sasa tuzitazame taka zenyewe. Badala ya kuzijaza guniani na kwenda zake, mwanao angezitenga: chupa upande huu, ndara upande ule, kamba na nyavu zilizokatika mahali pake, kisha kila fungu likapimwa kwa mizani ya kuazima dukani. Akifanya hivyo wakati wa kaskazi na akarudia wakati wa kusi, atakuwa na asilimia, wastani na grafu za kuchora, yaani hesabu zile zile zinazompiga chenga, ila safari hii zina harufu ya bahari. Anaweza hata kuuliza kwa nini bado anaokota mifuko ya plastiki ilhali ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017. Na asidhani kwamba takataka haina thamani: jahazi la Flipflopi lilijengwa na mafundi wa hapa hapa Lamu kwa plastiki iliyotupwa, likavishwa ndara kuukuu, likashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar.

Mfano mwingine ni mikoko, ambayo zaidi ya nusu ya ile ya Kenya imo katika kaunti yetu. Mche wa mkoko huchipua ukiwa bado juu ya mti, kisha hudondoka ukashika topeni. Wanafunzi huletwa kupanda, wakapigwa picha, wakaondoka. Lakini mche uliochomekwa mahali ambapo maji hayakauki vya kutosha hufa, na picha haitakuambia. Mzee aliyekata boriti maisha yake yote anajua maji ya bamvua, yale makubwa, hufika wapi na maji mafu, yale madogo, huishia wapi. Mwalimu anayewakalisha watoto mbele ya mzee huyo kabla hawajashika mche wowote ameshafundisha nusu ya somo, na heshima amefundisha bila kuitaja.

Mwendee mwalimu, mama, umwombe akuonyeshe kazi ya Alhamisi imeunganishwa na somo gani na mtoto huandika nini baadaye. Akikosa jibu, shauriana na wazazi wenzako waje nawe, wala msimtoe mtoto kabla ya kuzungumza.

SWALI: Mimi ni mwalimu, na shule yetu haina fedha za miradi. Tuanzie wapi? — Mwalimu, Langoni.

JIBU: Anzieni visimani, mwalimu. Mji wa Lamu umeishi karne nyingi kwa maji matamu yanayotokana na mvua iliyopenya katika vilima vya mchanga vya Shela na kukaa juu ya maji ya chumvi. Yakitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Chukueni kamba, mfunge fundo kila nusu mita na jiwe mwishoni, kisha kwa idhini ya wenye visima mpime kina cha maji kila mwezi, masika na kiangazi, huku watoto wakiwauliza watumiaji lini maji yalianza kukolea chumvi, ikiwa yameanza. Jiografia, sayansi, hesabu na Kiswahili vimo humo vyote, na gharama ni kamba.

Msijifunge kwa kuhesabu saa. Jimbo la Maryland huko Marekani humtaka mwanafunzi atimize saa 75 za huduma kabla ya kuhitimu sekondari, na kwa mpango wa jimbo zima hilo linaeleweka. Lakini shule ndogo ikianza na saa, watoto nao watajifunza kutazama saa. Matokeo yakipatikana, yasomwe kwa Kiswahili mbele ya wenye visima wenyewe, na wapewe nafasi ya kuyapinga.