Farasi wangu mzee kagoma, nikate tamaa?

"Shangazi, nina farasi dume aliyehasiwa, ana miaka 21. Nilimnunua miaka miwili iliyopita, ndoto yangu ilikuwa kuruka naye viunzi. Tukizunguka uwanja kuelekea kulia anaenda shoti, yaani mbio za kasi, vizuri tu, ila kushoto tukifika kona ya tatu anasimama, anainua kichwa, analaza masikio, ndo basi, hata nimpige visigino vipi. Nimeshabadilisha wakufunzi watatu. Watu wanasema namdekeza. Usiku nalia peke yangu. Niendelee au nikubali nimeshindwa?"

Pole sana mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kuna kitu umekiandika halafu ukakipita haraka kama vile hakina maana, kwamba kulia anaenda vizuri. Sasa hebu niambie, huo ni ukaidi gani wenye upande? Mkaidi wa kweli anakugomea kote. Huyu anagoma upande mmoja, kona ileile, miaka miwili, mi hapo nasikia harufu ya maumivu. Kwenye kona miguu ya upande wa ndani mara nyingi ndo inayobanwa, na farasi wa umri huo viungo kukaza ni jambo la kawaida kabisa, hasa vya miguu ya nyuma.

Kwa hiyo kabla ya mkufunzi wa nne, daktari wa mifugo. Wakati unamsubiri fanya hivi, mwambie mtu amshike kamba amkimbize matiti, yaani mbio ndogo ndogo, kwenye ardhi ngumu, wewe simama pembeni ufumbe macho usikilize kwato. Mlio unatakiwa uwe sawasawa, ukisikia pigo moja linachelewa au zito kuliko wenzake, ushapata la kumwambia daktari. Fumbua macho uangalie kichwa, farasi anayeumwa mguu wa mbele hunyanyua kichwa pale mguu ule mbovu unapokanyaga. Halafu tandiko, tafadhali. Mgongo wa farasi mzee unabonyea na nyama za mabegani zinapungua, tandiko lililomkaa vizuri zamani leo linambana na yeye hana mdomo wa kukwambia. Na meno nayo yaangaliwe, yakilika vibaya yanatoa ncha kali zinachana mashavu kwa ndani, hapo kila ukivuta hatamu unamtonesha.

Haya, tuseme daktari kaja kamtibu, au kasema hana kitu. Usitegemee kesho yake atakuwa farasi wa ndoto yako. Miaka 21 kwake ni kama mtu wa sitini na kitu, na kumbukumbu ya farasi si mchezo. Farasi anajifunza pale unapoachia, si pale unapobana. Kila siku aliposimama pale konani na wewe ukachoka ukashuka, ulikuwa unamwambia umefanya vizuri. Na kabla yako kuna miaka 19 ya watu wengine hatuwajui walimfundisha nini. Unaweza kupunguza kidogo kwa uvumilivu, kufuta kabisa sidhani. Wakufunzi watatu nao, kila mmoja na staili yake, mwisho mzee wa watu hajui amsikilize nani.

Mimi nilikuwa na jike mmoja hataki kabisa kuguswa sikio la kushoto. Nilihangaika naye miezi sita, jasho, matusi, siku moja alirusha kichwa kikanigonga pua damu ikatoka. Mwishowe nikatafuta kamba ya kichwani inayofungukia shavuni, haipiti masikioni, nikamvalisha ndani ya nusu dakika huku anatafuna majani yake. Miezi sita mwanangu, na dawa ilikuwa kifungo!

Ila usinielewe vibaya, si kwamba kila kitu umwachie. Kusimama ukipanda, kutokukukanyaga, kutoa kwato zisafishwe, hayo hayana mjadala hata awe na miaka 30, maana hapo ni usalama wako na wake (mguu ukimuuma kuunyanyua, unyanyue chini chini, usikae nao muda mrefu). Shoti ya kushoto na viunzi ni anasa zetu sisi, hizo zitoe kwenye ratiba. Daktari akiruhusu, mtoe dakika ishirini hivi, mwendo wa kawaida, njia iliyonyooka, matiti kidogo akishapata joto, na ukishuka ushuke akiwa bado anataka kuendelea. Usimfungie tu bandani, akisimama siku nzima ndo viungo vinazidi kukaza.

Na wewe ndoto yako ya viunzi usiizike, kaombe kupanda farasi wa mwingine mwenye umri na mwili wa kazi hiyo, huo wala si usaliti. Kumuuza huyu mi nisingefanya, farasi wa umri huo tena mwenye sifa ya ukorofi akiuzwa bei ya kutupa, anakoishia huwezi kujua. Hao wanaosema unamdekeza waambie waje wao wakae juu yake kona ya tatu.

Daktari akishamwona niandikie ni mguu upi. Mi nakisia wa nyuma kushoto, tuone.