Kwa nini umeme hukatika na kurudi mara kadhaa kabla ya kuzima kabisa

Dada uliyeuliza kwa nini mvua ikianza Mbezi umeme hukatika, hurudi, hukatika tena, kisha huzima moja kwa moja: hakuna mtu anayechezea swichi. Mara nyingi hiyo ni rikloza, swichi inayojiendesha, hufungwa juu ya nguzo kwenye laini za kilovolti 11 au 33.

Hitilafu nyingi za laini za juu ni za kupita tu: radi, ndege, tawi la mwembe lililogusa waya. Rikloza ikihisi mkondo umezidi hukata, husubiri kidogo, hurudisha. Tawi likiwa limeshadondoka, umeme unabaki. Likiwa bado lipo, inakata tena, na kwa kawaida ikifika mara 3 au 4 hairudishi mpaka irudishwe na mafundi. Mara za kwanza hukata haraka ili kuokoa fyuzi. Zinazofuata huchelewa kidogo makusudi, ili fyuzi ya mtaa wenye hitilafu iungue na mitaa mingine ipone.

Ninachokusihi hasa ni hiki. Waya ukianguka chini usiuamini, hata kama mtaa mzima ni giza, maana rikloza inaweza kuurudishia umeme wakati wowote. Na kwenye mchanga mkavu kama wa kwetu Dar, mkondo unaweza kuwa mdogo mno rikloza isihisi kitu, waya ukalala pale na umeme wake. Kaeni angalau mita 10, zuieni watoto, pigeni simu ya dharura.

Friji chomoa, irudishe umeme ukishatulia.